Viazi Vyekundu vya Kimilili

Jumamosi, 13 Februari 1965
Nimepewa kipande! Nyuma ya jiko, hatua ishirini kwa kumi. Mama mkwe mwenyewe kanionyesha mpaka kwa fimbo. Mwaka wangu wa kwanza hapa Malaba, na mara ya kwanza kuwa na pangu pa kulima. Sharti: msimu mmoja tu. Viazi mviringo visipoota, anarudisha wimbi lake, ule ulezi wa uji. "Hiyo chakula ya wazungu," anasema. "Hapa jua kali." Yeye Mteso, mimi Mbukusu — tunabishana kwa Kiswahili. Afadhali, maneno makali hatuna mengi.

Jumatano, 17 Februari
Sokoni Tororo. Ariokot, muuza viazi, ana vyeupe vya Mbale, vikubwa kama ngumi, vimeoshwa vikang'aa. Nimevigeuza, nikavigeuza — macho hayana dalili ya kuchipua. Vingine vimekatwa na jembe. Namuuliza, vitachipua lini? Ati, "Wewe peleka tu, macho itafunguka njiani." Nikacheka, nikanunua nyanya. Mbegu ya kubahatisha sitaki. Nimemwandikia mama yangu, kwetu Kimilili.

Alhamisi, 25 Februari
Kaka Rasto kavuka mpaka na kikapu — vyekundu vya mama! Ishirini na vinne, kila kimoja kiasi cha yai la kuku. Mama anasema vyeupe vyake vilikufa kwa jua la mwaka juzi, hivi vikavumilia. Hana vingine vya kunipa. Nimevitandaza uvunguni, juu ya majivu, nikafunika gunia. Mume wangu Imalingat analalamika eti analala juu ya ghala. Si ahamie jikoni!

Jumapili, 14 Machi
Machipukizi! Marefu, meupe, yamepita kidole. Nimemwita mama mkwe aone. Kainama, kayagusa. Leo hakutaja wazungu. Nikamwambia mvua ya kwanza tu, napanda.

Ijumaa, 19 Machi
Mvua! Na jembe langu limevunjika mpini, limepasuka na shingo. Kesho asubuhi Tororo kununua jingine, jioni napanda.

Jumamosi, 20 Machi
Sijui nianzie wapi. Narudi na jembe jipya, nakuta matuta kumi na mawili nyuma ya jiko, mazuri kuliko ambavyo ningeweza. Mama mkwe matope mpaka magotini, anatabasamu — yeye! "Nasirumbi, mbegu yako napanda yote. Kuja kula." Kula nini? Nafunua chungu. Viazi vyangu.

Kavunja kila chipukizi, kalilaza kwenye tuta kama marando ya viazi vitamu. Ndivyo wanavyopanda hapa: marando ardhini, kiazi chunguni. Mimi sikumweleza kwamba hivi hupandwa kiazi chenyewe. Nilidhani kila mtu anajua.

Nilikasirika kweli. Kisha kanimenyea kimoja, kakipuliza, kanipa. Nikala. Kikavu, cha unga — cha kwetu kabisa. Yeye kala vitano. "Hii si ya wazungu," kasema. "Mwaka kesho tunapanda mingi." Tunapanda!

Jumatatu, 22 Machi
Machipukizi mengi yamelala kama uzi uliolowa. Manne, labda matano, bado yamesimama. Mama aliwahi kusema chipukizi tupu likipata mvua huweza kushika — au najifariji tu? Mama mkwe anafukuza kuku tangu asubuhi. Nimemsikia akimwambia jirani yetu Ikiring, "Hiyo shamba yangu na Nasirumbi."

Nafagia chumba — kiazi kimoja! Kimebingirika nyuma ya mguu wa kitanda, na machipukizi yake matatu. Ninacho mkononi. Nikikipanda na hiki tu kikaota, kipande ni changu, naye mama mkwe atajua alivyoiharibu mbegu, na Ikiring atajua. Nisipokipanda, na yale yakafa, wimbi linarudi na mbegu ya mama imeishia chunguni. Namwonea huruma. Najionea huruma zaidi.

Ananiita. "Nasirumbi! Kuja angalia, moja inasimama!"

Nakwenda. Kiazi nimekifunga kwenye pindo la leso. Jembe jipya nimelichukua pia.