Karameli Kwenye Dari

Itetemia, Jumapili

Na nilijua, tena vizuri kabisa. Kopo la maziwa mazito ya sukari huchemshwa likiwa limefungwa, limezama majini, mpaka maziwa yawe karameli, kisha huachwa lipoe ndipo lifunguliwe. Nimewafundisha akina mama wa jumuiya jambo hilo huku nimeinua kidole kama mwalimu mkuu.

Lakini mama mkwe alifika kutoka Ipole mapema kuliko nilivyotarajia, na dumu lake la asali mkononi kama kawaida. Keki yangu yoyote huimwagia asali kwanza, ndipo aionje. Leo nilioka keki ya kupakwa karameli, nikitaka asifie, angalau mara moja, kitu ambacho hakikutengenezwa na nyuki.

Nikamwona anafungua dumu. Nikalichomoa kopo kwenye maji yanayochemka, nikalitoboa.

Karameli iliruka mpaka kwenye dari. Nyingine ikatua kwenye kitenge chake kipya. Namshukuru Mungu haikumgusa ngozi, maana ningehama mkoa.

"Mama, nisamehe!"

Alisubiri ipoe, jambo ambalo mimi lilinishinda, akaichota kwa kidole na kuionja.

"Mwanangu," akasema, "nyuki wako wakali."

Kisha akaimwagia keki asali. Mume wangu alitoka nje kucheka.

Kesho anarudi Ipole, na najua atakisimulia kisa changu kwenye kila harusi na kila msiba. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si dari.

Nimemaliza tu kuandika hayo, tone likadondoka kutoka darini, puu, katikati ya ukurasa. Nimelilamba.

Imeiva sawasawa. Na wote wamelala, hakuna wa kuisifia.