Pale Ulipokuwa Unakifunga Kitabu

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia nikiwa ndani ya maktaba yetu ya Baraka. Barua hii nitaibandika mlangoni ili wasomaji wenzako waione, na nakala yake nitampa dereva wa pikipiki akuletee huko Lulimba. Tangu mume wako ahamishiwe shule ya huko, simu imekuwa ikitukatikia kabla hatujamaliza hata salamu.

Nakumbuka Jumamosi zako za kutuonjesha vitabu hapa. Hukuwa ukisema kitabu ni kizuri. Ulisimama ukaanza kusimulia polepole mpaka pale panapochoma, kisha ukakifunga na kukaa. Anayetaka mwisho, akiazime. Mama Furaha, muuza samaki wadogo wa ndagala, alikuwa anapiga paja: "We Shangazi, iko dhambi hiyo! Unatuita ku meza, alafu unaondosha sahani!"

Yeye hakujua kusoma, lakini ulimwandikia kadi kama wengine. Ukaniambia, "Masikio nayo yanaazima kitabu." Nyumbani binti yake alimsomea karibu na moto, na vitabu vikarudi vinanuka samaki. Mkutubi alikunja pua. Wewe ulinusa kimoja ukacheka: "Hiki kimesomwa kweli."

Ulipoondoka, watu walipungua, kisha wakaacha kabisa kuja. Mkutubi si mtu mbaya, lakini aliniambia wazi: Jumamosi hii chumba kikibaki kitupu tena, atawapa wanakwaya wanaotafuta pa kufanyia mazoezi. Niliumia. Kwa Mama Furaha na wenzake, ile ndiyo saa pekee ya juma ambayo hakuna anayewaita kwenye kazi.

Basi Ijumaa, nikiwa bado na sare ya shule, nilipita ufukweni bamama wanapoanika ndagala, nikawaalika mmoja mmoja kama ulivyokuwa ukifanya. Wengine walinicheka. "Mutoto atatufundisha nini?" Nikawajibu kwamba sifundishi, ninataka tu kuwaonjesha kitabu.

Walikuja, Shangazi! Hata Papa Asukulu, yule mvuvi wa jirani yetu, alikuja na kofia yake mkononi. Nilisimama na riwaya ya mwanamke ambaye mumewe alikwenda kuchimba dhahabu, akakaa huko miaka mingi bila kutuma hata salamu. Nikasimulia polepole. Nikafika siku ambayo mume anarudi. Anagonga mlango wake mwenyewe, na kutoka ndani sauti nzito ya kiume inauliza, "Nani?"

Nikafunga kitabu. Nikakaa.

"Eh!" Mama Furaha akaruka. "Uyo mwanaume wa ndani ni nani?"

"Iko mutoto wake, amekuwa mukubwa," Papa Asukulu akajibu.

"Mutoto gani! We unasema vile sababu unaendaka ku ziwa na unakawia kurudi!"

Chumba kizima kilicheka, mkutubi naye akageukia ukutani tusimwone akicheka. Wakabishana: huyu anamtetea mke, yule anamhurumia mume. Mwishowe Mama Furaha akakinyakua kitabu na kukifunga ndani ya kitenge chake, wengine wakapanga foleni nyuma yake wakigombania zamu kwa maneno makali. Nilitamani uwe pale uone.

Najua sina ulimi wako. Ninapenda tu kuona watu wazima wakigombania hadithi kama sisi darasani tunavyogombania mpira, na mapenzi hayo niliyapata kwako. Bado nina hamu nawe kila Jumamosi, lakini hamu yenyewe siku hizi haininyamazishi.

Wakati wa kutoka, Papa Asukulu alisimama mlangoni, akaniuliza kwa heshima kana kwamba mimi ni mtu mzima: "Mama, juma ingine tunakuja saa ngapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mkutubi alijibu mwenyewe:

"Saa nane. Mukuje mapema, viti ni vichache."

Ukae na amani, Shangazi, na Mungu akutunzie sauti yako.

Mimi, binti wa kaka yako