Moshi wa Mtungi wa Asli

Kiwanjani, Isiolo
Jumatano, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu Asli, huko Korbesa,

Assalamu aleikum warahmatullah. Barua hii ikukute umeketi, maana nakujua wewe, ukisoma umesimama unaruka mistari. Ule mkono uliovunjika umeunga? Mama mdogo Dokata bado anakoroma kama jenereta ya posho mill? Na mbuzi, wamenenepa kunishinda? Mimi magoti yamegoma, na meno yaliyobaki ni ya kutishia watoto tu, lakini alhamdulillah, chai bado inapita.

Kwanza nikupe habari ya fahari. Kaka yako Warfa, huyu huyu mliyekuwa mnamwita mzee wa maneno matupu, nimemfukuza jini Bulla Pesa. Jini mzima, ndani ya nyumba yako. Nilisimama mlangoni na fimbo yangu, nikamsomea aya kwa sauti ya kiume, akatoka akilia kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Jirani yako Isnino aliona kwa macho yake.

Sawa. Isnino aliona mgongo wangu. Aliyetoka mbio ni mimi, na ndala yangu moja ilibaki ndani ya nyumba, na huyo mama anawasimulia watu hadithi hiyo mpaka leo pale anapouza mandazi. Lakini usicheke sana. Barua hii ina sehemu chache za kucheka, nimekupa moja mapema ili uwe na nguvu.

Ningekupigia simu, lakini mtandao wa huko kwenu ni kama mvua, unasikia imenyesha kwa wengine. Tena habari hii si ya kupigiwa kelele. Kwa hivyo nimeshika kalamu, na wewe uliyefika darasa la saba umsamehe aliyeishia la tatu kwa sababu ya mwalimu mkali na ngamia wa baba.

Unakumbuka asubuhi ile uliyoondoka na mkono umefungwa kanga. Mimi ndiye niliyekusukuma ndani ya lori, nikakuambia ukipona tu watoto watafuata. Nilisema vile nikiamini. Lakini mumeo Abdiwahid aliporudi kutoka safari ya Moyale akakuta umeenda, alisimama katikati ya ploti, wapangaji wote wakisikia, akasema watoto ni wake, na atakayevuka kizingiti nao ajue amejiandalia sanda. Jina lako akalipiga marufuku. Mwanao mdogo Mohamednoor alilitaja mara moja tu, alipoulizwa nani alimshonea mkoba wa shule.

Baada ya hapo mkono uliokuwa unakuangukia wewe ukatafuta pa kuangukia.

Binti yako Naimo sasa yuko Form Three, mrefu kama mlingoti, na amejifunza elimu ambayo haiko shuleni. Anajua jioni itakuwaje kwa namna baba anavyozima injini ya lori. Akiizima polepole, watu watakula. Akiizima ghafla na kubaki ndani akimalizia miraa yake, Naimo anamvalisha mdogo wake sweta mbili, hata kukiwa na joto la kuivisha yai juu ya mawe. Niliwahi kumtania Mohamednoor, nikamuuliza kama amehamia Timau na baridi yake. Akacheka, akasema, “Abti, hii ni fasheni, wazee hamwezi elewa.” Nikacheka naye. Mimi abti yake, ndugu ya mama yake, nikacheka.

Sasa sikiliza habari ya jini. Unajua kuliko mimi, lakini niache niseme. Kila mama anayeuza maziwa ya ngamia hapa mjini anafukiza mtungi wake kwa kijiti cha ejersa, ule mzeituni wa porini, kilichoshika moto, ili maziwa yasiharibike na yapate utamu. Wewe peke yako, kwa ule ukaidi uliorithi kwa hooyo, mama yetu, unatupia maganda ya buni juu ya kaa la moto mwishoni. Hakuna mwingine anayefanya hivyo. Wateja walikuwa wanafumba macho, wananusa, wanasema hii ni ya Asli. Basi miezi kadhaa baada ya kuondoka kwako, harufu hiyo ilianza kuingia nyumbani kwako wakati wa magharibi. Hakuna moto uliowashwa, hakuna maziwa, mitungi yako Abdiwahid alishaiuza. Lakini mtu akifungua mlango, wewe hapo. Tena ilikuwa inakuja Abdiwahid anapoingia.

Na wewe hukuwa umesikika tangu uondoke. Mtu asiyesikika Bulla Pesa wanamzika siku ya pili. Isnino alishasema kwamba ule mkono uliingia uchafu ukakumaliza huko, na kwamba mama aliyeacha watoto wake hawezi kutulia ardhini, atarudi kwa moshi wake. Maneno yakazunguka mpaka yakamfikia Abdiwahid. Naambiwa siku moja alikuwa ameinua mshipi juu ya Mohamednoor, na harufu ikapanda pale pale kati yao. Mkono ukabaki hewani. Akaushusha taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoiba dukani. Tangu siku hiyo akaanza kulala ndani ya lori. Akaleta sheikh wa kusoma. Sheikh naye akanusa, akasema harufu nzuri, akanywa chai, akaenda.

Ndipo Abdiwahid akanifuata mimi, kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake, akaniomba nikamuangalizie ndugu yangu anataka nini. Mimi na kiburi changu nikaenda. Nilipofungua mlango, Asli, wallahi ilikuwa ni wewe. Si harufu kama yako. Wewe, na kanga yako, na ile namna ya kunikaripia kwamba nimeingia na viatu. Yaliyobaki nimeshakusimulia hapo mwanzo.

Nilirudi kesho yake mchana kutafuta ndala yangu. Wazee tukishaogopa tunakuwa wachunguzi. Naimo alikuwa anafua, nikapita karibu naye, na nywele zake zilinuka buni. Nikamwambia, jini huyu anasoma Form Three, na hesabu zake ni mbovu, maana amesahau kufunika kichwa. Aliitupa nguo kwenye beseni. Halafu akanishika mkono, akaniingiza ndani, akainama chini ya kitanda akatoa ule mtungi wako mdogo wa manjano, wa lita tatu, ambao uliuficha kwenye magunia.

Akaniambia yote. Alikuwa anaufukiza nyuma ya choo baba akiwa bado maskani kwa wenzake, kwa vijiti vyako ulivyoacha, anaufunga kabisa, anausukuma chini ya kitanda. Wakisikia kikohozi cha baba kwenye geti, mmoja wao anafungua kifuniko. Siku ile ya mshipi ni Mohamednoor mwenyewe, alikuwa amelala chini, akakipiga kifuniko kwa mguu. Nilimuuliza Naimo ni nani aliyemfundisha ujanja wa kumtisha mtu mzima namna hiyo. Akasema hakutaka kumtisha mtu. Alianza kwa sababu mdogo wake alikuwa halali, na usiku mmoja alimkuta amebandika uso wake kwenye mdomo wa mtungi mtupu. Kwa hivyo akafukiza, ili alale. Hayo mengine waliyagundua baadaye, na walipoyagundua hawakuweza kuacha.

“Abti, usimwambie mtu,” akasema. “Na usiseme mama yuko hai. Baba akijua yuko hai, tumekwisha.”

Dada yangu, watoto wako walikuwa wanaishi kwa kukuua kila magharibi. Nami nikanyamaza, nikawasaidia. Nilikuwa nakwenda kwa Abdiwahid namwambia kwamba nimekuota, umesimama umekunja uso. Anabeba blanketi anarudi lorini. Mimi narudi zangu natafuna tende. Nilidhani tumeshinda.

Jumapili iliyopita niliwachukua wote wawili waje kwangu hapa Kiwanjani, wale wali, wapumzike. Niliwarudisha jua likianza kushuka. Tulipofika kwenye geti, harufu ikatupokea. Nzito, mpya, buni bado inaungua. Nikamtazama Naimo nikitabasamu, nikijua ni kazi yake. Lakini alikuwa amenishika kikoi. Akaninong'oneza, “Abti, mimi sijawasha.” Nikamtazama Mohamednoor. Naye alikuwa nasi tangu asubuhi.

Asli, mimi nilikuwa najua uko hai. Mimi mwenyewe nilikupakia. Lakini pale getini niliamini kwamba umekufa, kwamba habari iko njiani kuja kwangu na wewe umeitangulia. Nikakuombea rehema kimoyomoyo. Mohamednoor alisema “Hooyo?” kwa sauti ndogo, akatangulia ndani kabla sijamshika.

Alikuwa ni Abdiwahid. Amechuchumaa jikoni, mtungi wako wa manjano kati ya magoti, macho mekundu kwa moshi, anapuliza kijiti cha ejersa. Maganda ya buni yamemwagika sakafuni. Akasema aliupata chini ya kitanda siku nyingi tu, akanyamaza aone. Hakupiga kelele. Alisema, “Karibu, shemeji,” akanipa kigoda, akamwambia Naimo aweke chai. Akasema ameipenda hii harufu, nyumba bila harufu hii si nyumba. Machozi yalikuwa yanamtoka, nami nikayahesabu kuwa machozi. Nikasema moyoni, mtu huyu amelainika, mtoto wa watu amekumbuka mke wake. Nikanywa chai yake. Hata nilimpigapiga begani. Nikaondoka nikipiga mluzi barabarani.

Isnino alikuja kwangu asubuhi kabla sijamaliza kutawadha. Hakunitania, na hapo nikajua. Alisema sikuwa nimefika hata kwenye duka la kona. Yule mtu aliufunga mlango, akauweka mtungi katikati ya chumba, ukiwa unafuka. Akasema, “Haya, mwiteni mama yenu.” Mohamednoor hasikii vizuri sikio la kushoto mpaka sasa. Daktari amesema linaweza kurudi, polepole. Naimo ana mstari mgongoni.

Nilipofika, Abdiwahid alikuwa ameshatoka na lori kwenda Moyale. Naimo alikuwa amepiga magoti kwenye bomba la ploti, anajiosha nywele kwa sabuni ya kufulia. Anaosha, ananusa, anaosha tena. Maji yalikuwa yamekwisha kwenye ndoo na yeye bado anasugua. Sikuwa na utani wowote. Nilikaa chini kwenye matope karibu naye. Baadaye sana akasema, “Abti, hii harufu sitaki tena. Amechukua hata hiyo.”

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa tangu mstari wa kwanza.

Aliyekupa barua hii ni Lodio, dereva anayepeleka unga huko kwenu. Ni Mturkana mwenye moyo, nilimwambia akupe karatasi hii kwanza, na asiseme neno mpaka umalize. Lori lake amelisimamisha ng'ambo ya kisima. Nyuma kuna unga. Mbele, kwenye kiti cha abiria, wamo Naimo na Mohamednoor.

Usikimbie bado. Soma haya machache. Nimekuandikia yote ili usiwaulize wao. Wamechoka kuulizwa. Nilitaka uwafikie ukiwa umeshalia, wasikuone ukilia wakafikiri ni makosa yao. Kaa upande wa kulia wa Mohamednoor ukizungumza naye. Shule tutatafuta hapo Merti, karatasi zao ziko ndani ya mkoba. Nimeripoti kwa afisa wa watoto, na Isnino ameandikisha aliyoyasikia. Wazee wa ukoo wa Abdiwahid nao nimewaita. Mmoja alisema mtoto ni wa baba. Nikamwambia hata punda ana mwenyewe, lakini mwenyewe akimvunja sikio, tunamnyang'anya kamba. Abdiwahid akirudi atanikuta nimeketi mlangoni pake. Naogopa, sikufichi. Lakini mzee wa magoti haya hata akitaka kukimbia atafika wapi?

Nisalimie mama mdogo Dokata, mwambie bado ninamngoja aniletee mke kutoka Korbesa, asiwe anakoroma. Majirani wote wa ploti wanakusalimu, hasa baada ya kujua hukufa. Isnino anasema amefurahi, ingawa naona amesikitika kidogo, hadithi yake imeharibika.

Mwisho, nakudai fadhila moja. Ulipokuwa mdogo ulimpoteza yule mwana-mbuzi wa baba, fisi akamla, na mimi nikasema ni mimi niliyelala machungani. Niliipokea fimbo yako yote, nawe ukaapa utanifanyia jambo moja, lolote, siku nitakayoomba. Nimengoja mpaka nimezeeka. Naomba leo, na ni dogo. Usifukize chombo chochote siku hizi za kwanza, na umwambie mama mdogo asifukize. Wape maziwa hivyo hivyo, mabichi, kama yalivyotoka kwa ngamia, mpaka siku watakayouliza wenyewe.

Ni mimi kaka yako,
Warfa