Nilifungua Mlango Katikati ya Sala

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana Jumapili natakiwa kusimama mbele ya kanisa zima na kuomba radhi kwa jambo ambalo, nikisema ukweli, ndilo ninalojivunia kuliko yote niliyowahi kuyafanya maishani.

Mimi ni daktari. Nimemaliza chuo juzi juzi tu, na hadi leo mtu akiita "daktari" nageuka nyuma kuangalia anaitwa nani. Mlima ulipoporomoka na kufukia nyumba za bondeni, kanisa letu lilipeleka timu ya matibabu, na kiongozi wa timu alikuwa mama yangu mdogo, muuguzi mkuu mstaafu ambaye hospitali nzima ilimwita Jemedari, naye ndiye aliyenifundisha kupima presha nikiwa bado navaa sare za shule, kwa hiyo nilipoambiwa nimo kwenye timu nilijua ni yeye aliyenitaja, na nilijua pia kwamba sitabembelezwa.

Tulifungua kliniki katika darasa la shule iliyonusurika. Madawati mawili yakiunganishwa ni kitanda, ubaoni bado kulikuwa na hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzifuta, na harufu ya tope iliingia mpaka kwenye pamba. Jemedari alikuwa na sheria moja: asubuhi tunaimba, tunasali, ndipo mlango unafunguliwa. Alitueleza sababu. Safari moja ya zamani walifungua ovyo ovyo, watu wakasukumana, mzee mmoja akakanyagwa, na wenye nguvu wakamaliza dawa kabla ya wagonjwa kufika mbele. Nilimwelewa. Ufunguo wa sanduku la dawa aliuvaa shingoni, na hata alipokuwa anaoga alioga nao.

Sasa asubuhi moja yeye akiwa anaongoza sala, wote tumefumba macho, mlango ukagongwa, na haikuwa hodi ya mtu aliyechoka na foleni, kilikuwa kiganja kizima kinapiga ubao bila kupumzika, nikafumbua macho nikaona wenzangu wote wanausikia na wote ndio kwanza wamezidi kuyakaza yao, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, sala haikatizwi, nami nikajiona nimekuwa watu wawili, mmoja anasema ngoja amina na mwingine ameshafika mlangoni.

Nikafungua. Wanaume wanne walikuwa wamembeba msichana mjamzito juu ya mlango wa nyumba uliong'olewa bawabani, amevimba uso na miguu, mwili wote unakakamaa na kutikisika, povu mdomoni. Kifafa cha mimba. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi na kukiona wodini mara moja, nikichungulia nyuma ya mabega ya wakubwa. Safari hii hapakuwa na mabega. Dawa ilikuwa sandukuni, ufunguo shingoni mwa mama mdogo, na mama mdogo bado amefumba macho, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa foleni, "Mama mdogo, Mungu atasubiri, huyu hawezi. Lete ufunguo, hayo maneno yenu mtayamalizia baadaye."

Akafumbua macho, akauvua, akanipa. Akaja akamshika yule dada, akamlaza kwa ubavu, akamfuta mdomo, nami nikachoma sindano, na mikono yangu hii, mshauri, ambayo hutetemeka hata nikimimina chai mbele ya wageni, haikutetemeka. Mwili ukatulia. Lori lililoleta chakula cha msaada likampeleka hospitali kubwa, akapasuliwa, na leo mama yu hai na mtoto yu hai. Watu wa foleni walipiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi na watu waliopoteza kila kitu, na sijui nayaweka wapi makofi hayo.

Njia nzima ya kurudi mama mdogo alikaa mbele na dereva, kanipa kisogo. Kamati ya kanisa ikaniita na kuniambia kwamba timu ya pili inaondoka wiki ijayo, nami nitakuwemo nikiomba radhi hadharani kwa "kukatiza ibada na kumdhalilisha kiongozi", nisipoomba, nibaki. Mama ananiambia, "Binti yangu, neno moja tu. Radhi haimpunguzi mtu kimo." Kaka yangu yeye amepata kichekesho, kila akipita jikoni anasema, "Daktari Mlango, hebu nifungulie friji."

Nataka kurudi kule. Nimeacha vidonda nilivyovishona mwenyewe, na mume wa yule dada amenipigia kuuliza nitafika lini, mke wake anataka nimuone mtoto. Lakini nikisema samahani kwa kufungua ule mlango nitakuwa nimesema uongo madhabahuni, na kibaya zaidi ni kwamba najivuna, naosha vyombo nakikumbuka kile kiganja, natabasamu peke yangu, halafu najiuliza kama nilimfungulia yule dada au nilijifungulia mwenyewe. Nisaidie. Niseme nisichokiamini ili niende, au nibaki na ukweli wangu nyumbani?

Ni mimi, Daktari Mlango.

*

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kukupigia makofi na mimi. Mara ya pili nilitaka kukufinya sikio. Kaa, upokee vyote viwili.

Kwanza makofi. Ulifanya sawasawa. Mtu anayefia mlangoni hangoji amina, na Mungu ninayemjua mimi hajawahi kulalamika kwamba alikatizwa kwa ajili ya mgonjwa. Kwa hiyo neno "samahani" na neno "mlango" yasikutane kinywani mwako, wala Jumapili wala siku nyingine. Wakikuandikia maneno ya kusoma, warudishie karatasi yao kwa heshima.

Na hilo la kujivuna, acha kujitesa. Seremala akikitazama kitanda alichokipiga mwenyewe akatabasamu, nani atamwambia katenda dhambi? Tabasamu na vyombo vyako mpaka ving'ae. Majivuno yanaharibika pale tu yanapohitaji mtu wa kudharau ili yasimame, na hapo ndipo nakuja kwenye sikio.

Rudia maneno uliyoyatoa. "Hayo maneno yenu mtayamalizia baadaye." Yenu na nani, binti? Wewe hukuwa unasali nao? Mgonjwa alihitaji ufunguo, hakuhitaji kejeli. "Mama mdogo, ufunguo, haraka" ingetosha, tena ni fupi zaidi. Mlango uliufungua kwa ajili ya yule dada, lakini ile kauli uliitoa kwa ajili yako, na moyoni unalijua hilo, ndiyo maana unaniandikia mimi badala ya kulala usingizi.

Sasa mtazame mama yako mdogo, ambaye umempitia kwa sentensi mbili kama mtu anayepita dukani. Ametukanwa na mtoto aliyemlea, mbele ya watu aliokwenda kuwahudumia, katikati ya sala aliyokuwa akiiongoza. Hakubisha. Hakukuuliza wewe ni nani. Alivua ufunguo asiouvua hata bafuni, akakupa, akamlaza mgonjwa wako kwa ubavu, akamfuta povu, akakuachia sindano. Angeweza kuichoma yeye, ana miaka mingi ya kuichoma. Umejiuliza kwa nini alikuachia? Mikono yako haikutetemeka kwa sababu mtu fulani aliifundisha. Makofi yale unayouliza uyaweke wapi, nusu yake yapeleke kwake.

Fanya hivi. Leo, usingoje Jumapili, nenda nyumbani kwake peke yako, mama yako asikusindikize. Mwambie, "Naomba radhi kwa kauli niliyokutolea mbele za watu. Kwa mlango sina radhi, na sidhani kama unaidai." Halafu nyamaza, na ukimya wake uvumilie. Watu wanaoitwa Jemedari hawalii upesi.

Jumapili simama useme hayo hayo kanisani. Kauli ilitoka hadharani, na radhi itoke hadharani. Hapo mama yako ana haki: kimo hakitapungua. Kamati ikitaka zaidi ya hapo, ikamuulize kiongozi uliyemkosea kama bado anadai. Nadhani itajibiwa vizuri kuliko ilivyotarajia.

Kisha mpelekee mama yako mdogo pendekezo la kazi, daktari kwa muuguzi. Sheria yake ina maana, mzee alikanyagwa, lakini ina tundu, nawe umeliona. Lizibe. Kila asubuhi watu wakisali, mmoja asimame nje ya mlango, aangalie foleni, na ufunguo awe nao yeye. Ziwe zamu, kila mtu na siku yake.

Zamu ya kwanza iombe wewe. Wenzako wakifumba macho, wewe baki umeyafumbua. Hiyo nayo ni sala, na ukimsikiliza vizuri mama yako mdogo kule ndani, utamsikia anakuombea.