Kichwa cha Jiwe kwenye Ufunguo wa Gari

Mpendwa Tata, baba yangu,

Jana nilikaa ndani ya gari langu nje ya kanisa, ufunguo mkononi, nikaogopa kuuzungusha. Gari ni zima. Fundi ameshaniambia niache kulisumbua. Lakini kila nikiwasha, nasikiliza injini ishike, nahesabu sekunde mbili, tatu, ndipo napumua. Mjukuu wako hunicheka. Hajui nilikoutoa ugonjwa huu.

Wewe unaijua ile asubuhi ya kwetu Gesima, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mama alikuwa kwenye kochi, amejikunja kwa maumivu ya tumbo, na daktari wa zahanati alikuwa ameandika kwamba apelekwe Kisii akapasuliwe siku hiyo hiyo. Mzee Harish, tajiri wangu mwenye duka la vitambaa mjini, alinipa gari lake jipya nije nimchukue. Shangazi akawa anamvisha Mama, nawe ukashindwa kukaa bure. Ukishikwa na hofu, mikono yako ilikuwa lazima ifanye kitu. Ukaona plastiki ya kichwa cha ufunguo imepasuka na nimeifunga kwa uzi.

"Lete hapa," ulisema. "Huyu Mhindi ametusaidia. Hawezi kurudishiwa kitu kama hii."

Nikakupa. Ulikuwa umejifunza kuchonga mawe kule Tabaka ukiwa kijana, na nyuma ya jikoni hapakukosekana vipande vya mawe ulivyokwisha kulainisha. Kabla chai haijapoa ulikuwa umeivunja ile plastiki, ukachomeka chuma kwenye kichwa cha jiwe la rangi ya waridi, ukakigandisha kwa gundi. Kilipendeza, nami nikakusifu.

Tukamlaza Mama kiti cha nyuma. Nikazungusha ufunguo. Injini ikanguruma sekunde moja, ikazima. Nikarudia, ikazima tena. Nilikaza nyaya za betri huku nikiomba iwe betri. Nilifuta plagi nikiomba ziwe plagi. Petroli ilikuwepo. Kwenye dashibodi taa ndogo nyekundu yenye picha ya ufunguo ilikuwa inapepesa, na mimi nilikuwa sitaki kuitazama. Mama akaacha kulia, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikonitia wazimu.

"Jaribu tena, omomura one," ulikuwa unasema, ukiniita kijana wako. "Jaribu tena."

Nikakimbia hadi shule ya sekondari kuomba simu. Mzee Harish alinisikiliza hadi mwisho. "Plastiki iko wapi?" akauliza. "Ndani yake iko kidude. Gari ikikosa kuona hiyo, inajizima."

Niliporudi nilikupigia kelele mbele ya majirani. Nilikuambia, "Mama akifa, ni mikono yako." Ulipiga magoti kwenye migomba, pale ulipokuwa umemwaga takataka zako, ukachambua vumbi la mawe na maganda ya viazi kwa vidole hadi ukakipata, kidude cheusi kisichozidi punje ya haragwe. Tukakibandika kwenye kichwa cha jiwe kwa plasta ya vidonda. Injini ikashika, ikakaa.

Mama alipasuliwa jioni hiyo, akapona, akachuma chai miaka mingi baadaye. Ungedhani mambo yaliishia hapo. Lakini wewe hukugusa tena kitu changu. Ukija kwangu mjini uliitazama redio mikono ikiwa nyuma. Nilikuletea saa yangu uitie kamba, ukasema macho yamechoka, na wiki hiyo hiyo ulikuwa unawachongea watu bakuli.

Kuna jambo nilikuficha. Siku aliponikabidhi gari, Mzee Harish alinionyesha ile plastiki akaniambia isitoke kwenye ufunguo, la sivyo gari halitawaka. Niliona ni maneno ya mtu anayependa mno mali yake. Ulipoanza kuivunja niliyakumbuka, Tata. Nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa unatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mama augue. Na kwenye simu hakuuliza tu plastiki iko wapi. Alisema pia, "Si nilikuambia?"

Alipopata ufunguo mwingine alinipa hiki kichwa chako cha jiwe. Kiko kwenye droo yangu na plasta yake.

Ulipougua wewe, nilikuja kukuchukua. Ulisimama kando ya gari mvua ikikunyeshea, ukaniuliza, "Ni sawa nikishika mlango?" Nilishuka nikakufungulia, nikasema, "Ingia, Tata," na njia nzima hadi Kisii nikaongea habari za barabara mbovu.

Mikono yako haikuwa na kosa. Nilipaswa kukuambia hivyo pale mlangoni, ungali unasikia.

Pumzika, Tata.

Ni mimi, mwanao wa kwanza