Kikombe cha Mzee Barasa

Jumapili, mchana. Nakuru leo ni jua na vumbi, hadi kibodi inakwaruza. Jana nilikuwa Molo, nimevaa sweta mbili, na bado meno yaligongana.

Nina hasira kidogo na sijui ni ya nani.

Mnaonisoma hapa mnajua nimekuwa nikitengeneza filamu fupi ya kumshukuru Mzee Barasa. Kama wewe ni mgeni, huyo ndiye aliyenifundisha kushika kamera. Miaka mingi alipiga video za harusi na mazishi, kuanzia Naivasha hadi Molo, akisomesha watoto. Katikati ya kazi hizo akawa anatengeneza filamu zake mwenyewe, za polepole, ambazo watu wachache sana waliziona. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja. Sherehe ikiisha, yeye hazimi kamera. Anapiga viti vikikunjwa, akina mama wakisugua sufuria, bwana harusi akimtafutia mtoto wa dadake kiatu. "Shiru, mambo yakiisha ndiyo watu wanajisahau," alikuwa akiniambia. Sheria yake ya pili ilikuwa fupi zaidi: picha ikisema, wewe nyamaza.

Basi filamu yangu nikaitengeneza hivyo, bila neno hata moja. Ukungu juu ya mashamba ya waru, yaani viazi, malori yakipakia magunia, reli ambayo baba yake aliifanyia kazi, vidole vyake vikifungua kamera kuukuu. Nilijivunia sana, sitadanganya.

Shida ni kwamba Mzee haoni.

Presha ya macho ilimwanza taratibu. Kila nilipoenda aliniambia bado anaona vivuli, na mkewe, ambaye mimi humwita Mathe, aliitikia kwamba eeh, vivuli anaviona. Nikawa nakimbizana na hivyo vivuli. Nilitaka aione filamu kabla havijaisha. Jana nilipofika alinisalimia akiwa ameelekea mlangoni, na mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye kochi.

Nikaweka laptop mezani, nikabonyeza. Upepo, jogoo, lori likipanda mlima. Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza kidogo, kisha akauliza yeye ataona nini hapo. Akataka nimwambie. Nikamkumbusha sheria yake. Akasema aliiweka akiwa na macho.

Nikaanza kusimulia. Mwanzoni nilisema kama mtangazaji wa taarifa ya habari, akanikatiza, akanitaka niongee kama mtu. Nikaongea. Hapa ni asubuhi, ukungu umelala juu ya waru, kuna mama amebeba mtungi wa maziwa, amesimama anakohoa. Leso yake ni ya rangi gani? Mwanga unatoka wapi? Anakohoa amegeuka au ametuangalia? Ilinibidi nirudi nyuma niangalie, na ni mimi niliyeipiga hiyo picha. Alinibana maswali kama zamani, na nikafurahi kama mtoto.

Kisha ikafika picha ya mwisho.

Niliipiga siku nilipomhoji. Mahojiano yalikuwa yameisha, na mimi, mwanafunzi mzuri, sikuzima. Mzee ameketi kwenye meza ile ile. Mathe, ambaye bega lake la kulia halinyooki vizuri tangu aanguke shambani, ameweka kikombe cha chai. Halafu, bila kusema kitu, anakisukuma kwa kidole kimoja hadi kinagusa mkono wa mumewe. Mzee anakiinua, anakunywa, kama mtu aliyekipata mwenyewe. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko hiyo.

Nikanyamaza.

Mathe alikuwa ameketi pale pale, leso mapajani, akiiona picha hiyo kwa mara ya kwanza. Na Mzee ni mtu wa kiburi. Hunyoa ndevu mwenyewe. Ukimshika mkono kumpeleka chooni anakufukuza. Nikimwambia ukweli, nimemvua nguo mbele ya mkewe. Nikimdanganya, sasa filamu ya kumshukuru ni ya nini? Papo hapo niliamua kwamba nikirudi Nakuru naiondoa hiyo picha kabisa.

"Umenyamaza," akasema. "Kuna nini hapo?"

Mathe ndiye aliyejibu. "Ni mimi hapo. Nakusogezea chai."

Nilitamani ardhi inimeze. Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati. Kisha Mzee akamgeukia Mathe, na safari hii alielekea alipo hasa.

"Kwani ulidhani sijui? Tangu lini kikombe kikawa na miguu?"

Mathe akacheka hadi akajifuta machozi, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko. Mimi nikalia tu. Mzee akatuambia tukimaliza tumpe chai nyingine, hii imepoa. Halafu akanipa maagizo mawili: hiyo picha isikatwe, na ule usimulizi wangu uingie ndani ya filamu, kwa sababu wasioona ni wengi na wao pia wanapenda picha. Hivyo ndivyo alivyoivunja sheria yake, bila sherehe yoyote.

Leo nimejifungia chumbani kwangu hapa mtaani Rhonda, nimeziba dirisha na blanketi kwa sababu jirani anachomelea mageti hata Jumapili. Nimerekodi sauti. Mambo yalienda vizuri hadi kwenye kikombe. Maneno yalikataa. Nikairudisha picha hadi mwanzo kabisa, kile kipande nilichokuwa nimekikata, kabla Mathe hajaingia na chai.

Mkono wa Mzee uko mezani tayari. Haupapasi. Kiganja kimefunguka kidogo, umetulia, na hauko mbele yake ambapo mtu angeuweka. Ameunyoosha hadi upande wa pili, upande wa Mathe, ili yule mama mwenye bega bovu asihitaji kusukuma mbali.

Hasira yangu nimeijua ni ya nani. Nimeipunguza hiyo picha, nikairudia, nikaipunguza tena, mwezi baada ya mwezi, na macho yangu mawili mazima. Muda wote nilikuwa naangalia kikombe.

Nilitaka ninyamaze hapo, kwa heshima. Mzee anajua, na Mathe ataona mwenyewe. Lakini wale wengine wasioona, nani atawaambia?

Nimerudi kwenye maikrofoni. Nimesema: mkono wake uko upande wa mkewe, unangoja. Kisha nimenyamaza.