Yeyo, Nimewahesabu Majirani

Mpendwa Yeyo, mama yangu,

Tangu tukuzike sijapata mtu wa kuniuliza habari za mji kama ulivyokuwa ukiuliza wewe. Leo nitakueleza bila kuulizwa.

Sensa ilipokuja nilipata kazi ya ukarani, nikapewa sehemu ya Noonkopir. Unakumbuka tulivyopita huko nikiwa darasa la tatu, wewe na kibuyu cha maziwa mgongoni, mimi nimeshika shuka yako? Ulijua kila boma na jina la mwenyewe. "Nyumba usiyoijua, ingia usalimie," ulikuwa ukisema. Sasa ni ghorofa kwa ghorofa. Nilibisha milango mpaka vidole vikauma, na salamu zetu za Kimaa nilizitoa mara chache sana. Waluhya, Wakisii, Wakamba, Wajaluo. Wengi ni wapangaji wa mshahara, kazi zao Nairobi. Nikiuliza habari za mifugo, wanacheka. Wafugaji wenyewe niliwakuta wakilinda mageti ya watu. Hiyo iliniuma.

Pale lilipokuwa zizi letu, upande ule Baba aliouza, kuna geti jekundu. Mama mmoja kutoka Kakamega alinifungulia.

"Wewe ni wa wapi?" akaniuliza kabla sijamuuliza.

"Wa hapa."

"Ah, hapa kila mtu ametoka mahali. Ulizaliwa wapi?"

"Hapo penye umesimama."

Akaangalia miguu yake. Akasema, "Basi ingia, ukunywe chai." Nikaingia kama mgeni, Yeyo, mahali ulipokuwa ukinifundisha kukamua. Nilipomaliza maswali yangu akaniuliza kama namjua mtu anayeuza maziwa yasiyotiwa maji. Nikamwambia anaongea naye.

Sikuwa na mpango huo. Nilikuwa na ng'ombe wanne tu, na kaka yangu Lemayian alikuwa ameshamleta broka wa mashamba kuangalia kile kipande kilichobaki, kile ulichokataa kuuza hata ukiwa kitandani hospitalini. Tulikaa nje ya nyumba, karatasi juu ya kiti.

"Sisi tumebaki wachache," Lemayian akasema. "Hizi ng'ombe zitakula nini, simiti? Saini tu, Naserian."

Broka akaongeza kwa upole, "Dada, utabaki peke yako katikati ya wageni."

"Si wageni," nikamjibu. "Nimewahesabu mimi mwenyewe. Ni majirani, na watoto wao wanakunywa maziwa."

Sikusaini. Lemayian alienda Magadi kutafuta kazi kiwandani, na kwa miezi mingi hakupokea simu yangu. Nililia, sitakuficha. Lakini nilipanda nyasi, nikazungusha ua, na kila asubuhi napita mlango kwa mlango na mitungi yangu. Kuna wanaoniita Mama Maziwa. Kuna wanaonijibu kwa Kimaa kibovu, nami nawarekebisha.

Hapa sitoki, Yeyo. Mji ukue unavyotaka. Utakua na mimi nikiwa ndani yake.

Jumapili iliyopita simu ililia nikitoka kanisani. Lemayian. Hakutaja shamba.

"Ile ng'ombe nyeupe imezaa?"

"Imezaa. Ndama jike."

Nikasikia upepo wa Magadi kwenye simu yake.

"Usiuzie mtu," akasema. "Nakuja kumwona."

Pumzika, Yeyo. Mimi naenda kukamua.

Binti yako,
Naserian